Wakili wa Jikoni

Hakimu alimuuliza wakili wangu kama anakijua kitu kilichoandikwa kwenye ile sahani. Sahani yenyewe ilikuwa juu ya meza, ndani ya mfuko wa nailoni, nyeupe, ina ukingo wa buluu, na maandishi ya zafarani yamekauka hata yamekuwa rangi ya kutu. Nilikuwa nimesimama kizimbani, na niliposikia swali hilo nikashusha pumzi, maana ndilo swali nililokuwa naliomba tangu siku niliyokamatwa. Nikasema moyoni, basi, kwisha, leo nalala nje.

Wakili akasimama. Akakohoa kidogo, kama kawaida yake akitaka kusema jambo kubwa. Akasema kwa Kiarabu kilichonyooka, "Sisi huku hatuyajui haya, mheshimiwa. Ni mambo ya kwao. Mwanamke huyu ni mjinga, katoka kwenye watu wajinga. Naomba mahakama imhurumie."

Mkalimani akanigeukia anitafsirie. Nikamwambia asijisumbue, nimesikia.

Nilisikia, ila kuamini sikuamini, na mpaka leo nikiosha vyombo maneno yale hunijia nikabaki nimeshika sahani mkononi maji yanamwagika. Kwa sababu mtu yule alikuwa ameinywa sahani ileile. Si mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia, nikamsuuzia kwa maji ya waridi, nikamtilia kwenye bakuli, akanywa amesimama karibu na friji, akafuta ndevu kwa kiganja, akaenda mahakamani kutetea watu.

Asiyejua kombe nimweleze. Unachukua sahani nyeupe, unaandika aya kwa wino wa zafarani, unaiacha ikauke. Halafu unasuuza kwa maji, na maji yale anakunywa mgonjwa, au mwenye hofu, au mwenye safari. Kwetu Pangani lipo, Unguja lipo. Wako masheikh wanaolipinga, sawa, hiyo ni ya kwao wenye elimu. Mimi nina darasa la saba na chuo cha Kurani cha kibarazani. Lakini sihri, yaani uchawi, si hilo. Mchawi haandiki aya ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Nyumba yenyewe ilikuwa Al Khoudh, nyuma ya chuo kikuu, na mwenyewe hasa alikuwa Bibi, mjane, kizee cha Unguja kilichokaa Omani miaka mingi na ulimi wake haujahama hata kidogo. Mimi nililetwa kumtunza. Alikuwa na sukari na miguu haimchukui. Alikaa na mwanawe Khalfan, na mke wa Khalfan, ambaye jina lake ni Shamsa. Nalitaja na nitalitaja tena.

Wakili hakuwa ndugu yao wa damu. Bibi na mama yake walikuwa mashoga, na mama alipokufa Bibi akamchukua kama wake. Alikuja kila Ijumaa baada ya sala. Kwanza aliingia majilisi, sebule ya wageni, kumwamkia Khalfan, akakaa kidogo, akanywa kahawa, akajibu kwa Kiarabu hiki na hiki. Hapo utamwona mtu mkubwa, kanzu haina hata kunyanzi, kilemba kimekaa kama kimechongwa. Halafu anaaga, anazunguka nyuma, anaingia mlango wa jikoni. Kilemba anakivua anakitundika kwenye mpini wa friji. Kuanzia hapo ni mtu mwingine.

Bibi alikuwa anangojea kwenye kiti chake cha magurudumu. "We mtoto, umekonda. Ofisini kwako hawali?"

"Nnakula, Bibi. Ila chakula chao hakina nazi."

Mtoto mwenyewe ndevu nyeupe. Anakula muhogo kwa mkono, tui linamchirizika hadi kwenye kifundo, anacheka, anamsema Bibi kuwa kanenepa, Bibi anampiga na kanga. Chungwa alikuwa hajui kumenya. Miaka yote ile, mtu anamenya watu mahakamani mpaka mbegu zinaonekana, chungwa linamshinda. Ananiletea mimi. Nikimaliza kumenya anagawa, kipande kwa Bibi, kipande kwangu, na yeye anachukua cha mwisho. Hilo halijawahi kubadilika, nalisema kwa haki.

Na kwa haki nitasema na mengine. Wanawake wa kwetu waliofanya kazi majumbani, awe Mwislamu awe Mkristo, akidhulumiwa alielekezwa kwake. Ofisi yake ilikuwa Al Khuwair, karibu na mawizara, lakini wengi walikuwa hawathubutu kwenda kule kwenye vioo na zulia. Walikuja jikoni kwetu Ijumaa. Hakuwatoza. Malipo yake yalikuwa mkate wa kumimina, na kama haukuchambuka vizuri alisema.

Nakumbuka Neema wa Singida, ambaye tajiri wake alimfungia pasi ya kusafiria na kumshtaki kuwa katoroka kazini. Wakili alimkalisha juu ya gunia la mchele, akachukua mwiko wangu, akasema yeye sasa ni hakimu. Akamuuliza kwa nini aliondoka nyumbani kwa watu. Neema akaanzia kwenye ndege, akaja kwenye dada yake aliyemshauri, akaingia kwenye mbuzi wa dada. Wakili akapiga sufuria kwa mwiko mpaka Bibi akaruka.

"Hakimu kauliza mlango," alimwambia, "wewe unamwonesha shamba."

Neema akalia. Wakili akamwambia afute machozi ayaweke, hapa yanalowesha mchele bure. Mie nilimwona mkatili. Lakini Neema alipokwenda mahakamani alijibu neno kwa neno, na pasi yake akapewa. Alirudi na mkate wa kumimina uliochambuka kama sifongo, na Wakili akala akasema unahitaji iliki kidogo.

Alikuwa na maneno yake. Alisema asiye na kosa ndiye anayemhitaji wakili, mwenye kosa keshajipanga siku nyingi. Alisema mahakamani ukweli ukiingia bila mtu wa kuushika mkono hukaa nyuma kabisa. Na alisema ya jikoni yabaki jikoni. Hili la mwisho alilisema mara nyingi, nami nililichukua kama mzaha wa mtu asiyetaka ijulikane kuwa anakula muhogo kwa mkono.

Kombe lilianza na Bibi. Bibi alikuwa anamwandikia Wakili kila akiwa na kesi nzito, dua ile ya nabii aliyemwomba Mungu afunguliwe fundo la ulimi. Mikono ya Bibi ilipoanza kutetemeka akaniita mimi, akaona naandika herufi zinazosomeka, akasema basi tangu leo huyu ndiye mwandishi. Zafarani alileta Wakili mwenyewe, mfukoni mwa kanzu, kwenye kikebe kidogo. Alikuwa anasimama begani kwangu anaangalia, na nikikosea nukta ananiambia. Mtu aliyejua kombe mpaka nukta.

Siku moja alikuja na wakili mwenzake, kijana wa kisasa, walikuwa wanapitia tu. Yule kijana akasikia Bibi anaita kutoka ndani kwa Kiswahili, akauliza ni lugha gani hiyo. Wakili akajibu bila kugeuza shingo kuwa ni lugha ya watumishi. Nilikuwa napita na sinia. Bibi alisikia pia, masikio yake yalikuwa hayajazeeka.

Yule mgeni alipoondoka, Wakili akaja jikoni, akavua kilemba, akambusu Bibi kichwani, akabaki ameinama hapo muda. Bibi akamwambia taratibu, "Siku utakayokosa lugha hii, utaomba maji kwa ishara." Kisha akaniambia nimmenyee chungwa. Tukacheka. Mie nilicheka pia. Niliona ni aibu ndogo, aibu ya mtu mzima anayeficha kilema ambacho kila mtu anakiona. Sikujua kuwa kuna siku nitasimama mimi upande wa pili wa aibu hiyo.

Sasa niseme lililotokea. Bibi alikuwa halali vizuri, akaniomba nimwandikie sahani mbili, moja asubuhi moja jioni. Alfajiri nilimchoma sindano yake ya sukari kama kila siku, akala, nikamsuuzia sahani ya kwanza akanywa. Ya pili nikaiacha rafu ya juu ikauke. Nikatoka nje kuanika nguo.

Shamsa, ambaye chumba cha mama mkwe wake alikuwa hajui hata rangi ya kuta zake, siku hiyo akaingia. Khalfan alikuwa safarini, amepiga simu anauliza hali ya mama yake, na Shamsa akataka asikie kuwa mama anatunzwa. Akachukua sindano akamchoma mara ya pili. Hakuniuliza. Dirisha lilikuwa wazi, ningeitwa ningesikia. Niliporudi nikamkuta Bibi jasho la baridi, macho yamegeuka, anasema kwa tabu, "Shamsa kanichoma tena." Nikajua sukari imemshuka, nikakimbilia asali. Shamsa akanishika mkono akapiga kelele nisimpe kitu, nisimpe kitu, na hapo ndipo macho yake yalipotua kwenye bakuli lenye mabaki ya njano.

Bibi akapelekwa hospitali akapona. Mimi nikapelekwa polisi. Mashitaka mawili, kumnywesha mtu kitu cha kumdhuru, na sihri.

Kule mahabusu kulikuwa na Mkenya mmoja, mwanamke mrefu mcheshi, akaniambia, dada, usile chakula chao kabla hujapata wakili, utashiba ukasahau. Kumpata huyo wakili ndiyo kazi. Wa kwanza alikuwa kaja kwa mtu mwingine, nikamsihi, akatoa kalamu aandike, nilipofika kwenye neno sihri akairudisha mfukoni. Wa pili alisema kesi hizi mkewe hazipendi. Nilikuwa sijamwita Wakili kwa sababu nilimwona ni mtu wa Bibi, wa nyumba ile, nikaona nitamweka pabaya. Tazama ujinga wangu, nilimhurumia.

Alikuja mwenyewe. Nilipoona kilemba kile mlangoni nilikaa chini kwa furaha. Akaongea na askari kwa Kiarabu, wakatoka, akainama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanaidi, usiseme neno. Mdomo wako ni mimi."

Nikamwambia ajisikie huru, aseme yote, aseme kombe ni nini, aseme Bibi aliomba mwenyewe, na kama itabidi aseme na yeye anakunywa, hakimu akisikia mtu kama yeye anakunywa ataelewa. Akaniangalia. Akaniambia, ya jikoni yabaki jikoni.

Nilidhani ni mbinu. Nilijiambia huyu ndiye aliyempigia Neema sufuria, anajua anachofanya. Nikanyamaza kama nilivyoambiwa, na kunyamaza kwangu kukaandikwa kuwa sina la kujitetea.

Maabara ilisema ni zafarani na maji ya waridi, shitaka la kudhuru likaanguka lenyewe. La sihri likabaki, limesimama kwenye ile sahani ya jioni. Hakimu akauliza, nawe msomaji umeshasikia alivyojibiwa. Mbele ya sahani yenye aya, hakuna aliyeomba isomwe. Mkalimani alikuwa ameajiriwa kwa maneno, sahani haimhusu. Mwendesha mashitaka aliita michoro. Hakimu mwenyewe alikuwa mbali, mfuko umeng'aa kwa taa. Na mtu pekee mle ndani aliyejua kila nukta akasema hatuyajui haya.

Nikafungwa.

Sitaki kuandika sana ya jela. Nitasema tu kuwa mwanzoni sikulia, kwa mshangao. Nililala naangalia dari najiuliza kama kweli nilimsikia, au homa. Wenzangu waliuliza nani kanifunga, nikawa nashindwa kujibu, maana nikisema Shamsa nusu ya jibu inabaki kooni.

Aliyenitoa ni msichana. Wakili aliyewekwa na mahakama kwenye rufaa, mtoto wa bara ya huko Omani, Kiswahili hajui hata salamu, kombe hajapata kulisikia. Alikuja na daftari akaniuliza, nikamjibu kama nilivyomwona Neema anajibu, mlango tu bila shamba. Mahakamani akaomba jambo moja, sahani itolewe kwenye mfuko isomwe kwa sauti. Karani akaitoa, akasoma mstari wa kwanza, na kabla hajafika mwisho hakimu mmoja alikuwa anaumalizia mwenyewe kwa midomo. Kisha yule msichana akaleta maelezo ya daktari, kwamba mgonjwa alikuwa na dawa ya sukari mwilini mara mbili ya kawaida yake. Akauliza nani alichoma ya pili. Shamsa hakuwepo. Swali lile halijajibiwa mpaka ninapoandika haya.

Nilipotoka Bibi alikuwa kashakufa. Walimwambia nimerudi kwetu bila kuaga. Alikufa akijua mimi ni mtu wa namna hiyo. Hili ndilo linaloniuma kuliko kifungo.

Sikurudi Pangani. Ningerudi na neno la sihri juu ya kichwa, nani angenisikiliza? Nikapata kazi ya kupika kwenye nyumba ya walimu wa chuo, hapohapo Al Khoudh, mitaa kadhaa kutoka kule. Wakili nilikuwa namwona kwa mbali kwenye gari, anaangalia mbele.

Halafu juzijuzi mwanawe mkubwa akaja, mtu mzima mwenye adabu, akasema baba yake ananiita, anaumwa. Nilikataa. Akasema, "Baba amesema usipokuja, atakuja yeye." Nikaona mzee asije kunifia mlangoni, wakanishitaki tena.

Nikamkuta majilisi, amepungua, kanzu imemzidi, koo limefungwa kitambaa. Sauti imekwisha, imebaki kama karatasi inayokunjwa. Wanawe watatu wamekaa, kahawa ipo. Akasema kwa Kiarabu kuwa huyu mama alikuwa akimhudumia Bibi, basi. Halafu akainuka kwa fimbo akawaashiria wabaki, akanitangulia jikoni kwake. Wanawe wakatazamana. Nadhani walikuwa hawajamwona baba yao akiingia huko.

Akakaa kwenye kiti cha mpishi. Akavua kilemba, akatafuta pa kukitundika, friji yao haina mpini wa kutokeza, akakiweka magotini. Akatoa kikebe kilekile. Kwenye meza kulikuwa na sahani nyeupe tayari.

"Mwanaidi," akasema, "niandikie. Mkono wangu hautulii."

Nikaisukuma sahani upande wake.

"Nnajua," akasema. "Yaliyopita yamepita, mwanangu."

"Kwako yamepita," nikamwambia. "Mimi nimekaa nayo."

Akasema nisingeelewa. Ukumbi ule wa mahakama wote walikuwa watu anaofanya nao kazi. Akisema analijua kombe, wangemuuliza analijuaje. Alikuwa na wanawe hawajaoa. Aliapa alidhani hakimu atanionea huruma tu na kunirudisha kwetu. Aliyasema yote hayo kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya karatasi, anaangalia mlango usije ukafunguliwa. Halafu akachukua chungwa kwenye bakuli, akalizungusha mkononi, akalirudisha.

Nimeandika haya kwa sababu Shamsa nimeshamtaja, na Khalfan, aliyejua kwa daktari kuwa dawa ilikuwa mara mbili na akanyamaza, naye nimemtaja, hao ni watu wa kawaida na uovu wao ni wa kawaida, wao wajibu kuhusu sindano, mahakama iwaulize. Yeye jina lake silitaji. Si heshima. Nataka ajitaje mwenyewe.

Nilichukua kalamu. Nikafungua kikebe, zafarani ilikuwa nzuri, ya kwake siku zote ilikuwa nzuri. Nikachovya. Yeye akasogea, akasimama begani kwangu kama zamani, tayari kusahihisha nukta. Nikaishika kalamu juu ya sahani, ikadondosha tone moja la njano, nikasimamisha mkono.

Nikamwambia, "Wanao wako hapo nje. Waite waingie humu. Waambie kwa Kiarabu hiki ninachotaka kuandika ni nini, na umekinywa mara ngapi, na siku ulipoulizwa mahakamani ulijibu nini. Ukimaliza, naandika."